Samoni: Waulizwe Vifo Kabla ya Faida

Katika soko la samoni, msiba wa mfugaji mmoja ni neema kwa mwenzake. Mwaka 2016 Norwei, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani wa samaki huyo wa kufugwa, iliuza nje mzigo pungufu kwa asilimia 5 hivi ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Mapato hayakupungua. Yalipanda kwa zaidi ya robo, yakafikia krona bilioni 61. Sababu inajulikana. Chawa wa baharini walikuwa wamewabana wafugaji wa Norwei, na mapema mwaka huo huo mwani wenye sumu uliua samaki karibu tani 40,000 katika mashamba ya Chile. Mzigo ukapungua, wanunuzi wa Ulaya na Marekani wakagombea uliobaki, bei ikaruka.

Nimeanza na mwaka huo kwa makusudi. Mjadala kuhusu afya ya samoni wa kufugwa huandikwa kila mara kama ugomvi wa pande mbili: watetezi wa mazingira na wanyama upande huu, makampuni upande ule. Mwenye hisa mia mbili husoma habari hizo kama mtu anayesikia majirani wakigombana, kisha anafungua ukurasa wa bei. Maoni yangu ni kwamba ugomvi huo ni wake kabla ya kuwa wa mtu mwingine yeyote, kwa sababu samaki anayekufa amenunuliwa kwa fedha yake, na ndiye wa mwisho kuambiwa.

Msomaji wa Mwanza au wa Kariakoo atauliza samoni wanamhusu nini, ilhali pengine amewaona tu kwenye jokofu la duka kubwa, kwa bei ya kumfukuza mtu. Wanamhusu kwa sababu hii ndiyo biashara ya kufuga samaki yenye historia ndefu katika masoko ya hisa, yenye hesabu zinazochapishwa kila robo mwaka, na yenye makosa yaliyokwisha kulipiwa. Sisi ndio kwanza tunaingia. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Mwanza akikabidhi boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo. Anayetaka kujua maswali ya kumuuliza mwenye kizimba akasome kwanza waliotangulia.

Tutazame takwimu. Taasisi ya Mifugo ya Norwei hutoa kila mwaka ripoti ya afya ya samaki. Mwaka 2022 samoni karibu milioni 57 walikufa wakiwa tayari wamewekwa baharini, sawa na asilimia 16.1. Mwaka 2023 wakawa milioni 62.8, asilimia 16.7. Mwaka 2024 kiwango kilishuka hadi asilimia 15.4, samaki karibu milioni 58, na baadhi ya watu walipongezana. Hapo hawamo waliokufa wakiwa bado wadogo kwenye matangi ya nchi kavu.

Mtu aliyewahi kufuga kuku wa nyama hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Kifaranga akifa siku ya tatu, umepoteza kifaranga. Akifa siku ya thelathini, umepoteza kifaranga, chakula, dawa, umeme, mshahara wa kijana wa bandani na nafasi ambayo kuku mwingine angeikalia. Samoni hukaa baharini mwaka mmoja na zaidi. Huingizwa akiwa na gramu mia na kitu, huvunwa akiwa na kilo nne au tano, na karibu nusu ya gharama zote ni chakula. Kwa hiyo "asilimia 16" peke yake haimwambii mwekezaji lolote mpaka ajue walikufa wakiwa na uzito gani. Shamba lililopoteza asilimia 16 ya samaki wa gramu mia mbili limepata hasara inayovumilika. Lililopoteza asilimia hiyo hiyo ya samaki wa kilo nne limechomwa moto.

Sasa tuingie kwenye vitabu, maana huko ndiko mambo yanakofichika bila mtu yeyote kuvunja sheria. Tuliosoma uhasibu wa gharama tulifundishwa kugawa upotevu katika mafungu mawili. Upotevu wa kawaida huingizwa ndani ya gharama ya bidhaa nzima zilizobaki, na upotevu usio wa kawaida hupelekwa moja kwa moja kwenye hesabu ya faida na hasara, kila mtu auone. Makampuni ya samoni hufuata njia hiyo hiyo. Mwani ukiua shamba zima kwa wiki moja, utaona mstari wake katika ripoti ya robo mwaka, kwa fedha kamili. Lakini samaki wanaokufa kidogo kidogo, leo mia, kesho mia mbili, gharama yao huwekwa juu ya mabega ya walio hai, na mwenye hisa huiona miezi mingi baadaye ikiwa imevaa nguo nyingine: "gharama za uzalishaji kwa kilo zimepanda." Kwa nini zimepanda? Chakula, wanasema, na mfumuko wa bei. Ni kweli, lakini ndani yake wamo marehemu.

Na nani anaamua kipi ni cha kawaida? Kampuni yenyewe, ikisimamiwa na mkaguzi wake. Kanuni hiyo inafaa sana kwenye kiwanda cha sukari, ambako kila mtu anajua kiasi kinachomwagika. Kwenye bahari inayopata joto mwaka hadi mwaka, kawaida ya leo ni msiba wa miaka kumi iliyopita.

Kuna na hili. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa kilimo, IAS 41, inataka mnyama hai athaminiwe kwa bei ya soko. Bei ikipanda kwa sababu samaki wengi wamekufa mahali fulani, thamani ya walio hai majini hupanda hata kabla ya kuvunwa mmoja. Makampuni mengi huitoa pembeni faida hiyo ya makaratasi yanapotangaza faida ya uendeshaji, na wanastahili sifa kwa hilo. Msomaji wa haraka, hata hivyo, husoma jumla ya mwisho.

Wenye viwanda wana hoja, na si hoja za kupuuzwa. Ya kwanza na iliyo bora ni chanjo. Mwaka 1987 wafugaji wa Norwei walitumia karibu tani 50 za antibiotiki kwa samaki ambao jumla yao ilikuwa kama tani 50,000 tu, hesabu ambayo mfamasia yeyote angeikimbia. Zikaja chanjo dhidi ya magonjwa ya bakteria, hasa zile zenye mafuta za mwanzoni mwa miaka ya tisini, samaki akichomwa sindano mmoja mmoja kabla ya kwenda baharini. Leo nchi hiyo inazalisha zaidi ya tani milioni moja na nusu, na antibiotiki inayotumika ni chini ya tani moja kwa mwaka. Sijui sekta nyingine ya mifugo iliyofanya hivyo. Mwenye kusema kwamba wafugaji hawa hawajali afya ya samaki kamwe, anasema uongo.

Lakini chanjo ilifanikiwa kwa sababu ililipa. Bakteria walikuwa wakiua samaki wa kila mtu kwa wakati mmoja, dawa zilikuwa ghali, na wanunuzi walianza kuuliza maswali. Chawa ni jambo jingine, na hapa ndipo mjadala ulipokwama.

Chawa wa samoni hung'ang'ania ngozi ya samaki na kuila. Mashamba yakiwa mengi, mabuu yake husafiri na mkondo kutoka kizimba hadi kizimba, na huwavamia pia samoni wadogo wa porini wanapotoka mitoni kwenda baharini. Ili kuwalinda hao wa porini, sheria ya Norwei inamtaka mfugaji asizidishe wastani wa nusu chawa, yaani jike mzima mmoja kwa samaki wawili, na katika majuma ya masika kiwango hushushwa hadi 0.2. Hesabu za chawa huchapishwa kila wiki kwa kila shamba, na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Mwaka 2017 ukaanzishwa mfumo wa taa za barabarani: pwani imegawanywa katika maeneo 13, na kila eneo hupewa rangi kutokana na madhara ya chawa kwa samaki wa porini. Kijani huruhusu ukuaji wa asilimia 6, njano husimamisha, nyekundu hukata asilimia 6.

Angalia kinachopimwa. Kibali cha kukua, ambacho ndicho mali kubwa kuliko zote katika biashara hii, kinategemea chawa. Hakitegemei vifo ndani ya kizimba. Mfugaji mwenye akili timamu afanye nini? Atapambana na chawa kwa gharama yoyote, hata gharama hiyo ikiwa ni samaki wenyewe. Dawa za zamani zilikwisha zoeleka, chawa hawazisikii tena. Sasa samaki hufyonzwa kwa bomba kutoka kizimbani, hupitishwa kwa nusu dakika hivi katika maji ya nyuzi 28 hadi 34, wakati bahari aliyoizoea ni ya baridi, au hupigwa kwa mikondo ya maji na brashi, kisha hurudishwa. Mwenye nguvu hupona. Mwenye moyo dhaifu, mashavu yenye ugonjwa au kidonda cha baridi hufa siku hiyo au wiki ile. Wataalamu wa afya ya samaki wanapoulizwa na ile Taasisi ya Mifugo, huyataja majeraha ya kuondoa chawa miongoni mwa sababu kubwa kabisa za vifo. Kuna pia samaki walaji chawa wanaowekwa vizimbani kwa mamilioni, nao hufa kwa wingi, lakini hao hawana hata mstari katika mizania.

Kwa hiyo serikali inapima jambo moja, soko linapima bei, na kifo kimeachwa katikati bila mwenyewe. Desemba 2024 serikali ya Norwei ilitamka katika waraka wake wa ustawi wa wanyama lengo la kushusha vifo hadi asilimia 5. Ni lengo zuri. Mimi ningefurahi zaidi kuona kibali kinakatwa kwa ajili ya vifo kama kinavyokatwa kwa ajili ya chawa, maana lengo lisilo na adhabu halijawahi kushusha gharama za mtu.

Soko la hisa la Oslo lenyewe lilionyesha linachojali. Tarehe 28 Septemba 2022 serikali ilipendekeza kodi maalumu ya asilimia 40 kwa ufugaji wa samoni. Hisa ziliporomoka siku hiyo hiyo, baadhi kwa karibu theluthi. Bunge baadaye liliipunguza hadi asilimia 25. Sina ugomvi na walioshtuka, kodi ni fedha. Lakini katika mwaka huo huo wafugaji walipoteza samaki wale karibu milioni 57, kodi ambayo haikupitishwa na bunge lolote, na hakuna aliyepiga simu kwa dalali wake.

Chile ndiyo shule kwa anayedhani vifo vya jirani ni faida ya kudumu. Julai 2007 virusi vya ISA, vinavyoharibu damu ya samaki na vilivyotambuliwa kwa mara ya kwanza huko Norwei mwaka 1984, vilithibitishwa katika shamba la Marine Harvest, kampuni ambayo sasa inaitwa Mowi, huko Chiloé. Mashamba yalikuwa yamebanana, mapumziko kati ya mavuno hayakuwapo ya kutosha, na kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake apunguze. Uzalishaji wa samoni wa Atlantiki ukaanguka kutoka tani karibu 400,000 hadi kama tani 120,000 mwaka 2010. Maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya kusindika walirudi nyumbani, na mabenki yakabaki yameshika madeni ya makampuni yasiyo na samaki. Sheria mpya ya mapumziko na mipaka ya maeneo ilipitishwa mwaka 2010, yaani baada ya mali kwisha.

Oslo walisherehekea. Bei ilipanda mwaka 2009 na 2010, na hisa zikapanda nayo. Kisha Chile ikarudi, Norwei nayo ilikuwa imeongeza, na kati ya masika na vuli ya 2011 bei ilishuka kwa karibu nusu au zaidi. Walionunua hisa kwa hadithi ya msiba wa Chile ndio walioshikilia kapu. Bei inayoinuliwa na vifo hushuka samaki wanapoacha kufa, na huwezi kujua tarehe.

Chile ina jeraha la pili. Bakteria anayeitwa Piscirickettsia hajapata chanjo ya kuaminika, hivyo wafugaji wa huko waliendelea kutumia antibiotiki kwa mamia ya tani, zaidi ya tani 550 katika mwaka 2014. Mwaka 2015 Costco, mnunuzi mkubwa wa Marekani, alitangaza kuhamishia sehemu kubwa ya manunuzi yake Norwei kwa sababu hiyo. Hapakuwa na maandamano wala kesi, oda tu ilibadilika. Wafanyabiashara wa sangara wa Ziwa Victoria wanaijua ladha ya oda inayobadilika: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa ziwa lile kwa ajili ya uvuvi wa sumu, na viwanda vya nchi zote tatu vikapoa, vya waliokosea na vya wasiokosea.

Wapo wanaosema kuwa kila mifugo hufa, na kwamba samoni wa porini hufa zaidi ya tisa katika kumi kabla ya kurudi mtoni. Ni kweli, lakini samaki wa porini hakununuliwa chakula kwa mkopo. Wengine husema tofauti za vifo ni bahati ya bahari. Bahari inachangia, sikatai. Lakini tazama Bakkafrost. Visiwa vya Faroe viliangushwa na ISA mwanzoni mwa miaka ya 2000, vikaweka masharti makali: kizazi kimoja cha samaki kwa eneo, wote watolewe, pahala papumzike. Kampuni iliyokulia humo iliingia soko la Oslo mwaka 2010 na ikawa miongoni mwa zenye faida nzuri. Mwaka 2019 ikanunua mashamba ya Uskoti, na katika mwaka 2022 na 2023 samaki walikufa huko kwa wingi na hesabu za tawi hilo zikaingia katika hasara. Wakurugenzi ni wale wale, ila maji, mashamba na urithi ni tofauti. Dawa waliyoichagua ni kulea vifaranga nchi kavu hadi karibu nusu kilo ili wakae baharini muda mfupi zaidi. Ni mtaji mkubwa unaozikwa ardhini, na mwenye hisa alipaswa kujua bei ya kununua vifo vya mtu mwingine kabla mkataba haujasainiwa.

Ninachodai ni kidogo. Katika kila ripoti ya robo mwaka, kando ya faida kwa kilo, iandikwe idadi ya samaki waliokufa, uzito wao, sababu zao na eneo, pamoja na kiasi cha fedha kilichopakiwa juu ya walio hai. Iongezwe na sehemu ya mavuno iliyoshushwa daraja. Norwei samaki mwenye vidonda haruhusiwi kusafirishwa nje mpaka atengenezwe nchini, naye huuzwa kwa bei ya chini. Majira ya baridi ya 2023 kuingia 2024, yavuyavu na vidonda viliwashusha wengi sana. Huyo hakufa, kwa hiyo hayumo katika takwimu ya vifo, ila mfuko umemhesabu. Data zipo, kwani meneja wa shamba huhesabu mizoga kila siku. Huko Uskoti chama cha wafugaji huchapisha vifo vya kila shamba kila mwezi, na biashara haijafa kwa sababu hiyo.

Tukirudi kwetu: mwishoni mwa 2022 wafugaji wa vizimba wa Kisumu walipoteza sato wengi maji yalipokosa oksijeni, na mwaka 2018 watafiti walichapisha kwamba dalili za virusi vya tilapia, vilivyotambuliwa kwanza Israeli, zimepatikana katika sato wa Ziwa Victoria upande wa Uganda na wa Tanzania. Vizimba vinaongezeka, na maji ni yale yale yanayopita kwa jirani. Anayeombwa mtaji wa kizimba leo ataonyeshwa jedwali zuri: vifaranga wangapi, miezi mingapi, kilo ngapi, shilingi ngapi. Aulize safu ya vifo imewekwa asilimia ngapi, kwa uzito gani, na imetoka wapi. Akijibiwa kwamba samaki wa hapa hawafi, anyanyuke na mkoba wake.